Jora la Bafta la Bi Atika

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bandari moja ya Bara Arabu aliishi mja mwema aitwaye Bi Atika, mwosha maiti wa wanawake. Kazi hiyo ina amana yake, ndugu zangu. Mwosha akiona aibu kwa maiti, huisitiri mpaka naye azikwe.

Ikatokea marikebu moja ikapasuka mwambani, na mawimbi yakaisukuma shehena yake hadi ufukweni. Watu wa mji, msiniulize walivyoikimbilia. Magunia ya mchele, mitungi ya samli, majora ya nguo, kila mmoja na lake mgongoni, na adhana ya adhuhuri ikawapita hukohuko. Kadhi akaamuru kila kilichookotwa kipelekwe msikitini, kiwangojee wenyewe. Vikapelekwa vilivyooza. Vizuri vikaingia mivunguni, na tangu hapo mji ukaingiwa na shaka. Mtu akipika wali, jirani ananusa. Akivaa kanzu mpya, anaulizwa kaipata wapi. Wote wameficha, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi.

Jirani yake Bi Atika, mwanamke aitwaye Mudrika, akaenda kwa kadhi kusema amemwona kwa macho yake akipita na jora la bafta nyeupe chini ya ushungi. Bi Atika akaitwa, naye hakukana.

"Nilimkuta mwanamke aliyekufa maji, nyuma ya majabali," akasema. "Nikamwosha, nikamkafini, na mume wangu akamchimbia kaburi. Sanda ya maiti hutoka katika mali yake mwenyewe, ewe kadhi, nami sikuona mali yake nyingine ila ile ya marikebu yao. Bafta iliyobaki hii hapa."

Kadhi akaridhika, kisha akauliza: "Na nguo alizokuwa nazo mwilini?"

Ukweli ni kwamba Bi Atika alimkuta maiti yule uchi. Kuna aliyemtangulia pale majabalini, akamvua maskini yule shali na kila alichovaa.

"Mwosha haulizwi hayo," Bi Atika akajibu.

Basi ikawa balaa. Watu wakatazamana, wakanong'onezana kwamba huyu ndiye aliyemvua maiti. Kadhi naye ikamwingia shaka, akamkataza kuosha mpaka ukweli udhihiri. Kwa Bi Atika hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu hasa, kwani kazi ile ndiyo ibada aliyoitumainia mbele ya Mola wake. Ukitokea msiba, analetwa mwosha wa mji mwingine, na yeye akipita njiani mazungumzo yanakatika. Alilia, tusidanganyane. Mja mwema naye ana moyo. Lakini hakufungua mdomo.

Miaka ikapita. Mudrika akashikwa na maradhi, akajua hatainuka tena, akatuma aitiwe Bi Atika.

"Mwenzangu," akamwambia, "shali ya yule maiti ninayo mimi. Nilimvua kwa mikono yangu, kisha nikakutia wewe midomoni mwa watu."

"Najua," akajibu Bi Atika. "Niliiona imeanikwa uani kwako siku ileile, na uzi wake niliukuta mkononi mwa maiti."

"Umejua siku zote hizi? Mbona hukunitaja ukajiokoa?"

"Ningekutaja wewe, ningeutaja na uchi wa yule. Na leo, mama, ungejua mimi ni mtu wa kusema, ungemwita nani akuoshe?"

Mudrika akalia sana. Kisha akamwita kadhi na mashahidi, akakiri yote, na shali akaitoa, na kadhi akamrudishia Bi Atika kazi yake. Alipofariki, hakuna aliyemwosha ila Bi Atika. Wanawake waliokaa mlangoni, dhana zao hawajaziacha hata siku hiyo, wakamwuliza ameona nini humo ndani.

"Nimemwona mja aliyetubu," akasema. "Leteni sanda."

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa kuwapekua wenzetu, wala sijitoi. Lakini iko siku kila mmoja wetu atalala mbele ya mtu, hana hata mkono wa kujifunika. Mwenyezi Mungu amjaalie mtu huyo awe mwenye kusitiri, na atujaalie na sisi tuwasitiri wengine wakati mikono ingali na nguvu. Amin.