Kapu la Shayiri ya Kwanza

Mmetulia? Basi niseme upesi, kabla mtoto hajaamka.

Waisraeli walipokuwa wameingia Kanaani karibuni, palikuwa na watu watatu wa nyumba moja. Mzee Elidadi alijaliwa kumbukumbu. Mwanawe Ahira, marehemu, alijaliwa ushujaa. Yogli, mdogo wake Ahira, alijaliwa mikono isiyochoka. Na alikuwapo Serahi, mjane wa Ahira, kitoto chake Buki mgongoni, hofu kifuani.

Elidadi alitoka Misri akiwa mtoto. Jangwani, kila watu walipolilia nyama za Misri, yeye aliwaambia wanawe: Mungu alimwahidi Ibrahimu nchi, naye akafa akimiliki shamba la makaburi tu; Isaka akangoja, Yakobo akangoja, nasi tungoje, tutafika. Wengine walitaka kurudi. Nyumba yake haikugeuza hata shingo.

Walipokaribia mpaka wa Kanaani, Ahira alisimama peke yake kwenye genge jembamba la mlima, adui mbele, ndugu zake wakipita nyuma yake. Walipita wote. Yeye mshale ukamlaza palepale, nchi akiiona kwa macho tu, na Buki bado yumo tumboni.

Katika shamba walilogawiwa, Yogli akakuta miiba na mawe. Akang'oa, akalima, akapanda, viganja vikapasuka, mpaka shayiri ikasimama.

Sasa malimbuko, mavuno ya kwanza ya kumtolea Mungu. Mmoja tu hubeba kapu, na mbele ya kuhani husema, "Nimeingia katika nchi tuliyoahidiwa." Na nyumba ile ilikubaliana: atakayesema hivyo, shamba litakuwa lake na la watoto wake.

Walipofika madhabahuni, Elidadi akashika kapu. "Bila neno nililolitunza, mngekuwa mnafyatua matofali ya Farao."

"Baba, neno halipalilii!" Yogli akacheka. "Ungepeta maneno ukatuokea mkate?"

Serahi akasogea. Akamshusha Buki, akamkalisha kando ya kapu. "Na yule aliyelala gengeni, nani amsemee? Shemeji, wewe ulipita nyuma ya mgongo wake! Mwanangu akilikosa kapu hili, atakuwa mgeni katika nchi ambayo baba yake aliifia."

Cheko likamkauka Yogli.

"Lakini Ahira hakuingia, binti yangu," Elidadi akasema taratibu. "Atasemaje ameingia?"

"Na Ibrahimu je, Baba? Si aliishi humu kama mgeni, akafa hivyohivyo, na mpaka leo tunaiita ahadi yake?"

Mzee akaliachia kapu. Yogli naye hakuligusa. Kuhani alikuwa amenyoosha mikono, anangoja, na Buki amekamata suke moja la shayiri, haliachii.

Haya, wewe unayenisikiliza: ahadi ilitimia kwa aliyeikumbuka, kwa aliyeifia, au kwa aliyeilima? Ungekuwa kuhani, ungelipokea kapu kutoka mkononi mwa nani?