Makoti Yasiyofuliwa

Ukitibu mgongo, fua na koti.

Ndivyo alivyokuambia Babu Gaspari leo asubuhi, Deo, si ndiyo? Nawe umerudi hapa umenuna kama mtu aliyenyimwa ubwabwa. Unasema ulikwenda kwake kwa adabu zote, ukamwomba radhi mjukuu wake Levina kwa kuigiza kigugumizi chake, na mzee badala ya kusema "haya, yamekwisha" akakutupia methali pale pale mlangoni. Sasa wewe na wenzako mnataka kujua ni mgongo gani na koti gani.

Mmefika penyewe. Methali hii si ya zamani kama mnavyodhani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa sababu yangu. Endeleeni kupukuchua mahindi, na mkiweza msinitazame usoni.

Ilianza hivi.

Hapa kijijini tulikuwa na bendi ya matarumbeta. Watu tisa, na makoti tisa mekundu yenye vifungo vya dhahabu, tuliyoachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao kwenye baridi. Yalikuwa mazito kama blanketi. Sasa fikirini bonde hili lilivyo mwezi wa kumi na mbili, mtu amefungwa koti hilo mpaka kooni, anapuliza tarumbeta kutoka kanisani hadi kwa bibi harusi, jua la saa saba. Jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwenye viatu.

Na makoti hayo hayakufuliwa. Ilikuwa sheria. Mtunza sare wa kwanza aliwahi kufua moja, rangi ikachuja, likatoka kama ulimi wa ndama. Wakubwa wa bendi wakaapa: koti jekundu halifuliwi. Mtunza sare aliyefuata alifundishwa kazi yake hivi: harusi ikiisha, geuza koti nje ndani, nyunyiza poda, dondoshea marashi, kunja, weka kwenye sanduku la bati, funga kufuli. Likinukia, basi ni safi.

Mtunza sare aliyefuata nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro. Nilikaa mwaka mmoja na nusu tu, wakanirudisha, kwa sababu nilimvisha mbuzi joho la mkuu wa chuo siku ya mahafali. Msicheke. Haya, chekeni, wakati ule nami nilicheka. Nilirudi hapa sina cheti, nina mdomo. Kila mtu nilimpa jina la utani, na jina nikikupa mimi lilikuwa halikutoki hata kwa msasa.

Gaspari ndiye alikuwa mpulizaji wetu wa mbele. Kijana mwenye kifua kipana, koti lilimbana kuliko sisi wote, na alitoa jasho kuliko sisi wote. Mwaka ule alikuwa amepeleka barua ya posa kwa katekista, anamtaka binti yake, Theodata. Barua ilipokelewa. Ilibaki shangazi mtu, Shangazi Skola, aseme neno la mwisho, maana katika ukoo ule shangazi asiposema ndiyo, hata baba mzazi anakaa kimya.

Sasa Gaspari akaanza kutoka mabaka. Kwanza kifuani, meupemeupe, yenye unga ukiyakwaruza. Yakapanda mabegani, yakashuka mgongoni. Akitoa jasho yanamwasha, anajikuna kwa mdomo wa tarumbeta. Alijipaka limau na chumvi, akalia machozi. Alinunua dawa ya kupaka kwenye duka la dawa, mabaka yakanyamaza. Ukija msimu wa harusi, yanarudi. Anapaka, yanakwenda, yanarudi. Mwaka mzima hivyo hivyo.

Na mimi nikampa jina. Nikamwita Ramani.

"Ramani, leo Kigoma imeshafika shingoni!" Bendi nzima inaanguka kicheko. Gaspari naye alikuwa anacheka kidogo, vile mtu anavyocheka ili msimcheke zaidi.

Siku moja tulipiga kwenye harusi ya jirani wa katekista. Wakati wa mapumziko Gaspari alikwenda kisimani, nyuma ya ua wa makuti, akavua koti na fulana ajimwagie maji. Nikaona nafasi. Nikaokota fimbo, nikausogeza ule ua pembeni, wageni wote wakamwona mgongo. Nikasimama kama mwalimu wa jiografia.

"Darasa, tulieni! Hili hapa ni Ziwa Viktoria. Huku chini Rukwa. Na haya mabaka madogo ni Unguja na Pemba, wanasubiri boti."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Gaspari alisimama na kata ya maji mkononi, hakujimwagia, hakunywa. Na katikati ya wageni alikuwepo Shangazi Skola. Yeye hakucheka.

"Hayo mabaka," alisema, "marehemu mjomba wangu alianza hivyo hivyo. Baadaye vidole vikakatika. Mtoto wetu hatumtoi kwa mkoma."

Neno hilo mnalijua lilivyokuwa zito bonde hili. Kabla ya Jumapili, barua ya posa ilikuwa imerudishwa. Kwenye bendi wakamtengea Gaspari kikombe chake peke yake. Wiki ya pili akaleta tarumbeta nyumbani kwetu, akaiweka kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi.

Mimi nikafanya nini? Nikajiambia, utani tu huo, atazoea. Nikachukua tarumbeta yake, nikavaa na koti lake maana langu lilikuwa limeshatoboka kwapani, nikawa mpulizaji wa mbele. Nilipenda kweli kusimama mbele.

Mwezi wa tatu nikaanza kuwashwa.

Nilijitazama kwenye kioo cha dada yangu. Chini ya shingo, bega la kushoto. Nikafunga kifungo cha juu, nikawa nalala na shati. Nilipaka limau, nikalia machozi. Nilipaka mafuta ya nazi kwa wingi ili ngozi ing'ae isionekane, yakazidi. Nikawa kila asubuhi nahesabu vidole vyangu kama vyote vipo.

Mwisho nikapanda baiskeli, nikavuka mto, nikaenda kituo cha afya cha mbali ambako hanijui mtu. Nikakaa kwenye benchi, kofia usoni. Nikasikia mtu wa pembeni yangu anasema taratibu:

"Benno. Hata wewe?"

Alikuwa Gaspari. Naye alikuja mbali ili asionekane. Nilitamani benchi linimeze.

"Nina homa," nikasema.

"Homa ya kujikuna?"

Tuliitwa kwa kufuatana, lakini daktari, mama mmoja mfupi aliyeitwa Daktari Nsajigwa, aliponiona nimevua shati alimwita Gaspari arudi.

"Nyie mnatoka nyumba moja?"

"Hapana, Daktari. Bendi moja."

Alichukua uzi wa pamba, akamwambia Gaspari afumbe macho, akamgusa kwenye baka. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia. Panatekenya."

"Basi futeni ukoma kichwani. Baka la ukoma lina ganzi, ungegusa lisijue. Huu ni utangotango. Ni fangasi."

Mimi nikaruka kwa haraka. "Ameniambukiza, Daktari? Nilivaa koti lake."

Alinitazama juu ya miwani. "Hakuna aliyekuambukiza. Fangasi hawa wapo kwenye ngozi ya kila mtu, hata yangu. Wanakaa kimya. Wakipata joto, jasho na mafuta, wanazaliana, ngozi inapoteza rangi yake. Hebu niambieni, hilo koti likoje?"

Gaspari akamweleza: zito, linabana, linafungwa mpaka kooni.

"Linafuliwa mara ngapi?"

Hapo, ndugu zangu, nikalivuta shati langu nijifunike.

"Halifuliwi," nikasema.

"Mwezi huu?"

"Tangu padre aondoke."

"Na padre aliondoka lini?"

"Miaka sita."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na mtunza makoti ni nani?"

Gaspari hakuninyooshea kidole. Angeninyooshea ingekuwa nafuu. Alitazama dirishani tu, akaniachia nijitaje.

"Ni mimi."

Daktari hakupiga kelele. Alitupa dawa ya kupaka na sabuni yenye dawa. Akasema tupake kila siku mpaka siku alizotuandikia ziishe, hata kuwashwa kukiacha mapema. Tusijipake mafuta. Tukitoka jasho tuoge, tujikaushe, tuvae nguo nyepesi. "Na weupe utachelewa kuondoka," alisema, "hata miezi, fangasi wakiwa wameshakufa. Msije mkadhani dawa imeshindwa. Na joto likirudi, nao wanaweza kurudi, msione ajabu. Lakini mkipaka dawa asubuhi, jioni mkajifungia tena kwenye lile jasho la miaka sita, mtakuwa mnanichosha tu."

Njiani tulisukuma baiskeli. Mwaka mzima nilikuwa namcheka mtu kwa uchafu niliomvisha mwenyewe, kila wiki, kwa mikono yangu, na marashi juu.

Kesho yake nilibeba lile sanduku la bati mpaka mtoni mchana kweupe. Makoti tisa. Maji yalikuwa mekundu mpaka akina mama waliokuwa chini yangu wakapiga yowe wakidhani mtu kaliwa na mamba. Yalipokauka, yote tisa yalikuwa ya waridi. Wenzangu walinijia juu, nikawaambia alichosema daktari. Baadaye mmoja akafungua shati, na wa pili, na wa tatu. Wanne walikuwa na mabaka wakiyaficha, na wote wanne walikuwa wanamcheka Gaspari.

Gaspari alipona. Weupe ulififia, ngozi ikarudi. Siku nilipoona shingo yake safi, nilichukua tarumbeta yake nikaipiga brashi, nikaenda kwake. Alikuwa anasuka kamba.

"Gaspari, nisamehe. Nilikosa. Sasa umepona, rudi kwenye bendi."

"Nimepona, ndiyo."

"Na makoti nimefua."

"Nimesikia, yamekuwa ya waridi." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Jana nilikwenda mashineni kukoboa mpunga. Mtoto mdogo, meno ya mbele yametoka hayajaota tena, akaniamkia. Unajua alisemaje? 'Shikamoo, Baba Ramani.' Hakuwa na utani, Benno. Anadhani ndilo jina langu."

Nikaiweka tarumbeta chini, karibu na kamba zake.

"Kwa shangazi wa Theodata bado mimi ni mkoma. Umekuja kuniomba radhi hapa uani, tuko wawili. Ulinivua mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Koti ulilonivisha si lile la padre tu. Lile umelifua. Hili jingine liko midomoni mwa watu, nami nalivaa kila nikitoka. Ukitibu mgongo, fua na koti."

Akarudi kwenye kamba yake.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wamekaa kwa katekista. Nilikwenda na fimbo ile ile. Mabaka yangu yalikuwa bado meupe mgongoni, maana wangu ulichelewa kuondoka, kama daktari alivyosema. Nikavua shati mbele yao wote, nikageuka, nikampa Shangazi Skola fimbo.

"Shangazi, hili hapa ni Ziwa Viktoria," nikasema. "Huku Rukwa. Ramani ni mimi. Gaspari hana ukoma, hakuwahi kuwa nao. Ni utangotango, ulitokana na makoti ambayo mimi ndiye niliyekuwa nayatunza, na sikuyafua hata mara moja. Daktari yupo, mwulizeni. Nilimcheka kwa kosa langu."

Hakuna aliyecheka. Mzaha wangu wa kwanza kukosa wa kuucheka.

Shangazi Skola aliilaza fimbo magotini. Kisha akasema, "Vaa shati, mwanangu." Na baadaye, kwa sauti ya chini: "Ungekuja kabla ya Pasaka."

Maana baada ya Pasaka walikuwa wamepokea barua nyingine, ya kijana wa Mahenge, na mahari ilishakubaliwa. Neno likishatolewa halirudishwi. Niligeuka, nikamwona Theodata amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha sufuria mkononi. Alisikia yote. Aliingia ndani.

Gaspari alirudi kwenye bendi wiki ile. Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya Theodata. Tulimwambia asije, akasema sare imefuliwa, kwa nini nisije. Alitembea mbele, koti la waridi limefunguliwa kifungo cha juu, akapuliza kutoka kanisani mpaka kwenye gari la bwana harusi bila kukosea hata mara moja. Mimi nilipiga ngoma nyuma yake. Njia nzima nilitazama visigino vyake, sikuweza kuinua macho zaidi ya hapo.

Baadaye alioa, akapata watoto, na huyo Levina ni mjukuu wake. Hajawahi kunitajia tena jambo lile. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita Ramani, waliniita mimi, na nilikuwa naitika.

Sasa, Deo. Ile sauti ya kuigiza kigugumizi, uliyoirekodi kwenye simu, uliituma wapi?

"Kwenye kundi la kwaya, Babu."

Kundi lina watu wangapi?

"Sitini na wanne."

Na radhi ulimwomba wapi?

"Nyumbani kwao. Mlangoni."

Ehee. Weka hilo gunzi chini, futa mikono, chukua simu yako. Hapana, usiandike. Ongea, kwa sauti yako mwenyewe, wote sitini na wanne waisikie. Nami nitakaa hapa hapa karibu yako, kwa sababu najua uso unavyowaka. Fanya leo, wala usingoje Pasaka.

Ukitibu mgongo, fua na koti.