Bi Lubaba na Paka wa Hujaji

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, ambako misafara ya mahujaji ilikuwa ikikusanyika kabla ya kuingia jangwani, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba binti Hazimu. Mama huyu sala ya Alfajiri haikumpita, Jumatatu na Alhamisi yuko na saumu yake, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu. Nayasema haya mapema ili msije mkamdharau. Kisa hiki si cha mtu muovu. Kingekuwa cha mtu muovu nisingewachosha nacho.

Kazi yake ilikuwa kutunza wanyama wa watu waliokwenda Hija. Msicheke. Siku zile mtu akienda Makka alikuwa anaondoka kwa miezi, wengine hata mwaka, na paka wake je? Njiwa wake je? Ukimwachia jirani, wiki ya kwanza anamlisha, ya pili anamsahau. Basi watu walikuwa wakipita kwa Bi Lubaba kabla ya safari, mwingine na kikapu, mwingine na tundu, mwingine anamvuta swala kwa kamba, na ua wake ukajaa kila aina ya kiumbe.

Na kuwatunza aliwatunza, wallahi! Paka hawakukosa samaki, vyombo vya maji vilisuguliwa kila asubuhi, na kasuku mgonjwa alimweka kifuani, ndani ya ushungi, mpaka akapata joto. Alikuwa akimwogopa Mola wake katika haki za wanyama, kwa ile habari mnayoijua nyote ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka paka akafa kwa njaa, naye akaingizwa Motoni. Kila akiikumbuka alitetemeka.

Haya, sasa tuje kwenye ujira wake.

Bi Lubaba hakuwa na bei maalumu. Mtu akija, humwambia, "Muage kwanza mnyama wako, ndipo tuzungumze." Kisha yeye hukaa pembeni, tasbihi mkononi, akitazama. Aliyempapasa paka wake mara moja akageuka, alitajiwa bei ndogo. Aliyembusu, akafika mlangoni, akarudi akambusu tena, huyo alitajiwa bei kubwa. Na aliyelia, basi tena, huyo amekwisha. Lakini wanyama wenyewe walikula sinia moja. Paka wa bei kubwa hakuongezewa hata kichwa cha dagaa.

Moyoni mwake aliona ni haki. Alijiambia, "Sijamkaba mtu koo. Anayempenda sana mnyama wake ndiye anayetaka atunzwe sana, na anayetaka sana atoe sana. Tena tumeridhiana." Hakwenda kumuuliza mwanachuoni yeyote, maana jibu alilolitaka alikuwa nalo tayari. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Usimtazame jirani yako, nasema na wewe.

Ikawa asubuhi moja, msafara ungeondoka baada ya sala ya Adhuhuri, na Bi Lubaba alikuwa ameinama nyuma ya mlango wa ua akisugua vyombo vya maji. Akasikia watu wamesimama nje. Hawakupiga hodi. Sauti moja ilikuwa ya mwanamke, nyingine ya mzee.

"Baba, futa machozi," alisema yule mwanamke. "Humu ndani usilie hata kidogo."

"Nimejaribu, Rayhana. Siwezi."

"Utaweza. Ukilia, safari huna. Fedha iliyobaki ni kidogo, nyingine yote imeingia kwenye ngamia. Yule mama akiona unampenda paka, anapandisha bei."

"Nani kasema?"

"Mji mzima unajua, baba! Watu wanafundishana. Mtukane, msukume, mwambie hata akifa ni sawa. Mimi ningemchukua, lakini unamjua mume wangu na kifua chake, akilala nyumba moja na paka hapumui. Tafadhali, baba. Umeisubiri Hija hii umri wako wote."

Chombo kilimtoka Bi Lubaba mkononi. Mji mzima unajua! Yeye aliyedhani anajulikana kwa saumu zake, kumbe watu wakifika mlangoni kwake hufutana machozi kwanza, kama wanaoingia kwa mtoza ushuru. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Akatamani ardhi ipasuke. Mara hodi ikapigwa, na hakuwa na pa kujificha, akafungua.

Mzee aliyeingia aliitwa Nuaimu, fundi viatu aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, na yule mwanamke alikuwa binti yake. Macho ya mzee yalikuwa mekundu. Akakitupa kikapu chini kwa kishindo.

"Mchukue huyu," akasema. "Mwizi mkubwa huyu. Mchafu. Ananisumbua tu nyumbani."

Bi Lubaba alitaka kusema neno jema, lakini ulimi una mazoea yake. Yakamtoka yaleyale ya siku zote: "Muage kwanza, mzee wangu."

"Paka gani wa kuagwa!" akasema Mzee Nuaimu, na sauti ikampasuka katikati.

Kifuniko kikafunguka, akatoka paka wa rangi ya zabibu kavu, na Zabibu ndilo jina alilopewa na marehemu mke wa mzee. Hakuutazama ua wala wanyama wengine. Alimpanda mzee mpaka begani, akaingiza kichwa chake shingoni mwake, mahali ambapo bila shaka alikuwa akilala kila siku. Mzee akamshika akamsukuma chini. Paka akarudi. Akamsukuma tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii paka akakaa chini akimtazama tu, haelewi amekosa nini. Rayhana aligeuza uso ukutani.

Bi Lubaba akaona kazi ya mikono yake. Hapa yupo mja anakwenda kwenye Nyumba ya Mola wake, na kituo chake cha mwisho ni kudanganya na kumsukuma kiumbe anayempenda, kwa sababu yake yeye, mwanamke wa saumu na tasbihi. Alikuwa amemwogopa Mungu kwa ajili ya paka miaka yote hiyo. Mwenye paka hakuwahi kumwingia akilini.

Akataja ujira: gharama ya samaki, na juu yake kidogo kwa kazi yake. Basi.

Rayhana akageuka. Alikuwa amejiandaa kubishana, na sasa hana la kubishana. "Hiyo ndiyo bei yako, Bi Lubaba, au umetuonea huruma?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo mtihani ulipomfika. Majibu mawili mepesi yalikuwa ulimini. Angesema, "Ndiyo bei yangu siku zote," angekuwa amesema uongo, lakini heshima yake ingesalimika. Angesema, "Nimewahurumia," wangemshukuru, na mzee angemwombea dua mbele ya Kaaba kwa sadaka ambayo si sadaka. Nani kati yetu asingelichukua hilo la pili? Dua ya hujaji, tena ya bure!

Bi Lubaba aliyaacha yote mawili. Kisha akasema, "Si huruma, mwanangu. Ni haki yenu. Ilikuwa haki ya kila aliyepita hapa, na sikuwapa. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimesikia yote mliyosema, na yote ni kweli."

Rayhana akashika mdomo. "Tusamehe, Bi Lubaba! Wallahi hatukukusudia kukuvunjia heshima."

Jamani! Aliyeonewa ndiye anayeomba msamaha. Bi Lubaba alisema baadaye kwamba neno hilo lilimuuma kuliko yote ya nje ya mlango, kwa sababu lilimwonyesha jinsi watu walivyomzoea.

"Mimi ndiye wa kusamehewa," akasema. "Mzee wangu, bei imekwisha kutajwa na haiongezeki. Muage paka wako unavyotaka. Mimi nitaingia ndani."

Mzee Nuaimu alimtazama, akamtazama paka. "Nimeshamuaga," akasema, akatoka haraka bila kugeuka nyuma. Hakumwamini, na utamlaumu vipi? Rayhana alimfuata mbio. Zabibu alikwenda kukaa mlangoni, akalia mpaka msafara ukaondoka, na Bi Lubaba alikaa naye palepale, hakuthubutu hata kumpapasa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, mama huyo alisimama katika safu za wanawake akasema mbele yao alilokuwa akilifanya. Wapo waliostaajabu kwamba alikuwa hajui kuwa wao wanajua. Aliwarudishia fedha wale aliowatoza zaidi, waliokuwa safarini akawangoja, na ili aweze kufanya hivyo aliuza bangili alizoachiwa na mumewe. Tangu siku hiyo bei ilitajwa mlangoni, kikapu hakijafunguliwa, kwa kuangalia mnyama anakula nini na anahitaji kazi gani. Swala alilipiwa zaidi ya paka kwa sababu ya majani yake, na mgonjwa zaidi ya mzima kwa sababu ya dawa. Hakufanya kazi ya bure, wala dini haikumwambia afanye bure.

Miezi ikapita, msafara ukarudi. Mzee Nuaimu akaja, kichwa kimenyolewa, amekonda, uso una nuru. Alikuwa ameshaambiwa sokoni habari zote za Bi Lubaba. Zabibu alimsikia kabla hajaonekana, akaruka ukuta, akaja kumzungukazunguka miguuni akilia. Mzee hakuinama. Aliificha mikono nyuma ya mgongo, akamtazama mwenye nyumba.

"Bei ni ileile, Bibi?"

"Ni ileile, Haji."

"Hata nikimbeba?"

Bi Lubaba alitikisa kichwa kukubali, akajifunika uso kwa ushungi wake, na nyuma ya kitambaa kile akamsikia mzee akilia na kucheka na kuliita jina la paka kwa pamoja.

Wanaosimulia wanasema aliishi umri mrefu baada ya hapo, na watu wakawa wanamsifu kwa uadilifu wake. Kila waliposifu ibada zake aliwakatiza. "Msinitajie saumu," alikuwa akisema. "Hujaji katoka Makka na madhambi yake yamesamehewa, akasimama uani kwangu akaniomba ruhusa ya kumbeba paka wake."

Basi, enyi waumini, chukueni ujira wa jasho lenu, ni halali yenu. Lakini yupo mwenye gari ambaye akiona mgonjwa amebebwa mgongoni, nauli inapanda. Yupo muuza sanda anayetazama kwanza macho ya mfiwa. Nao pia husema tumeridhiana. Ukirudi kwako leo, jiulize wanaokuja kwako husemezana nini kabla hawajapiga hodi. Mola atuonyeshe aibu zetu tungali hai, tukiwa bado na wa kumwomba radhi. Amin.