Ukali wa Mwakalobo

Mzazi mwenzangu, isome hii polepole, kisha mpelekee mzazi mwingine.

Mwakalobo alikuwa mkulima wa chai kule Rungwe, na watu walimjua kuwa ni baba mkali. Sifa hiyo aliipenda. "Kisu kikali ndicho kinachokata," alikuwa akisema, "na dawa kali ndiyo inayoponya. Baba naye ni hivyo hivyo."

Akikohoa tu mlangoni, watoto walinyamaza. Yeye aliuita ukimya huo heshima.

Siku moja binti yake mkubwa, Atuganile, alichukua panga jipya la baba yake bila ruhusa, akaenda kuchanja kuni. Panga likateleza, likamkata mguuni. Alilifunga jeraha kwa kitambaa, akavaa soksi, akaendelea na kazi.

Siku zikapita. Asubuhi moja homa ilimwangusha jikoni. Mwakalobo alipomvua soksi, harufu ilimrudisha nyuma. Mguu ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi. Akambeba mbio hadi hospitali.

"Mzee, mmechelewa sana," daktari alisema. "Tusipoukata mguu huu, tutampoteza binti."

Mwakalobo akamgeukia mkewe, Tumpe, kwa hasira. "Mama Atu! Mtoto anaoza ndani ya nyumba, na hakuna aliyeona?"

Tumpe alikuwa akilia. Akajibu bila kumtazama.

"Tuliona, baba Atu. Mimi nilijua. Wadogo zake walijua. Ukienda shambani tulikuwa tunamwosha kwa maji ya chumvi. Ni wewe peke yako uliyekuwa hujui."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungempiga kwanza, ndipo uulize kama anaumwa."

Mwakalobo akaketi sakafuni pale pale kwenye korido, akalia mbele za watu.

Atuganile alipona, lakini alirudi nyumbani na mguu mmoja, akitembea kwa magongo.

Miezi michache baadaye, mdogo wake, Sekela, alimjia baba yake.

"Baba, nimeangusha redio yako. Imevunjika."

Mwakalobo akainua mkono. Mtoto akafumba macho. Mkono ule ukatua taratibu begani mwake.

"Hukuumia popote, mwanangu?"

Funzo: Mtoto anayekuogopa hatakuletea kidonda chake. Atakificha, na nyumba nzima itamsaidia kukificha, mpaka siku ambayo hutaweza tena kumwokoa.