Nungunungu na Jarida la Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna ameze kwanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisoma, Nungunungu alichunguza mizizi. Misimu mitatu alichimba, chaka chaka chaka! Akaonja, akatapika, akaandika: huu unaua, huu unashibisha. Akapeleka makala kwa Korongo, mhariri wa jarida la msitu.

"Imekubaliwa!" akasema Korongo. "Tia unyayo hapa."

Desturi yao ilikuwa hivyo. Kazi ikikubaliwa, vigelegele kwanza, kisha unyayo kwenye fomu, kusoma baadaye. Nungunungu akatia unyayo. Pwaa!

Kiangazi kikaja. Majani yakaisha. Digidigi akafika mbio.

"Shoga, wanangu wana njaa. Tuchimbe mzizi upi?"

Nungunungu akaanza kumnakilia makala. Korongo akatua, puu!

"Acha! Hiyo ni yangu."

"Yako? Ulichimba wewe, na miguu hiyo ya njiti?"

"Sikuchimba. Soma fomu yako."

Akasoma. Haki zote za makala alikuwa amempa Korongo. Anayetaka kuisoma alete samaki kumi. Digidigi avue samaki wapi?

Nungunungu hakulia. Akaisoma fomu tena, neno kwa neno.

"Bwana Korongo," akasema, "nilikupa maneno niliyoandika. Mizizi sikukupa."

Akarudi porini. Akachimba tena, chaka chaka chaka! Akaonja tena, akatapika tena. Akaandika upya kwa maneno mapya, akaongeza mizizi miwili ambayo awali hakuijua. Akaibandika kazi kwenye kichuguu, njiani. Digidigi akasoma, akachimba. Wanawe wakala, wakashiba.

Korongo akaja, sauti laini.

"Bi Nungunungu, hii mpya nipe nichapishe."

"Chapisha. Haki zibaki kwangu, na kila mnyama asome bure. Andika hivyo kwenye fomu."

"Fomu haibadilishwi!"

"Basi mchana mwema."

Korongo akaruka. Akazunguka juu. Chini akaona foleni ya wasomaji kwenye kichuguu: Ngiri, Kima, hata Kobe aliyeanza safari juzi. Jaridani kwake, hakuna mtu. Akashuka, akafuta mstari, akaandika mwingine.

Wanyama wakataka kupiga vigelegele. "Ngojeni!" akasema Nungunungu. Akasoma mara tatu. Ndipo akatia unyayo.

Basi jueni: soma kabla ya kutia sahihi. Anayechapisha mpe ruhusa, usimpe kazi yako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nendeni mkanawe miguu.