Chungu cha Nanzia

"Chungu cha kale kisiposagwa, kipya hupasuka." Nimewasikia ninyi vijana mkiwatupia wazee maneno haya, eti maana yake zamu yao imekwisha, watupishe. Na juzi nikamsikia mzee mwenzangu akiwarudishia, eti maana yake bila sisi hamwezi kitu. Nyote mmekosea, na inanikera. Aliyeisema methali hii mara ya kwanza aliisema kwa hasira, tena hasira ya haki. Tulieni basi niwaeleze ilikotoka, msije mkaendelea kuichezea.

Milimani Upareni kulikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Kazi ya udongo ilikuwa ya wanawake, binti akijifunza kwa mama yake. Udongo wao ulikuwa laini mno. Ukichomwa peke yake, unapasuka. Kwa hiyo chungu kilichovunjika hakikutupwa. Vigae vyake vilitwangwa, vikasagwa juu ya jiwe mpaka vikawa chenga, kisha vikakandwa pamoja na udongo mbichi. Hivyo chungu cha bibi kiliingia ndani ya chungu cha mjukuu, na hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa kazi tu.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka mjini, kamera shingoni. Akavishika vyungu vikuukuu, akaviita urithi, akawaambia wanawake kwamba kuvisaga ni kuua mila. Sifa tamu, maneno yakawaingia. Wakajenga chumba, wakatia rafu, wakavipanga vyungu vya zamani vyote. Hata vigae wakaviunga kwa gundi. Ufunguo akakabidhiwa Mbonea, mfinyanzi aliyeheshimiwa kuliko wote, na kwenye udongo mpya wakaanza kutia mchanga wa mtoni badala ya chenga za vigae. Vyungu vikawa vinapasukia motoni. Wakalaumu kuni, wakalaumu mvua, wakalaumu mabinti wa siku hizi. Rafu hawakuilaumu.

Mbonea alikuwa na mdogo wake, Nanzia. Siku moja Nanzia akiwa anachimba udongo shimoni, ukingo ulimwangukia, akafa. Binti yake, Namkunda, aliyekuwa akisomea sanaa mjini, alirudi kuzika. Matanga hayajaisha, akaona jambo lililomchoma roho. Chungu cha mwisho cha mama yake kilikuwa kimeshapandishwa rafuni na kufungiwa kwa kufuli, na chini ya ukingo ule ule uliomuua, wanawake walikuwa wamerudi kuchimba. Hakuna aliyeweka hata mti wa kuzuia watu. Chungu kilipata ulinzi, wafinyanzi hawakupata.

Namkunda aliwaambia wahame upande ule. Wakamwambia bibi zao walichimba pale pale. Basi akaapa kumfinyanga mama yake na kumsimamisha mbele ya shimo, aone ni nani atakayepita na jembe bila kumtazama.

Alifinyanga mwanamke aliyeinama, mzigo wa udongo mgongoni. Mahali pa uso palikuwa na tundu lililotoboka mpaka kisogoni. Wanawake walipoliona, walishika midomo.

"Umemkata mama yako uso!" mmoja akafoka. "Tangu lini sisi tukafinyanga vinyago? Hayo ndiyo uliyofundishwa?"

Namkunda akaendelea na kazi. Alichoma sanamu yake, ikapasuka kifuani. Akafinyanga nyingine, ikapasuka vipande viwili. Kijiji kikasema ardhi imekikataa kinyago, na wapo waliosema hivyo wakicheka. Kicheko kile kilimuuma kuliko matusi. Akakaa mbele ya vile vipande, akakumbuka mikono ya mama yake juu ya jiwe, unga wa vigae umejaa mpaka kwenye kucha. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha vyungu. Mbonea alikuwa ndani akifuta vumbi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nipe vigae."

"Marahaba. Vigae hapa hakuna, kuna urithi."

"Basi nipe chungu cha mama."

"Ukifanyie nini?"

"Nikisage."

Mbonea aligeuka polepole. "Namkunda, una akili wewe? Hicho ndicho kilichobaki cha mdogo wangu."

"Mlikuwa naye mzima, mkamwacha achimbe chini ya ukingo wenye ufa! Leo mnamfuta vumbi!" akasema Namkunda. "Mama alisaga chungu cha bibi, bibi akasaga cha mama yake. Nyinyi mnaojiita walinzi wa mila ndio mliokata mila. Mimi mwenye vinyago ndiye ninayetaka kuifuata!"

"Toka nje."

Namkunda alikishika chungu rafuni kwa mikono miwili, akatoka nacho mpaka kizingitini, akakipiga chini. Mbonea alimzaba kofi ambalo majirani walilisikia. Namkunda hakuinua mkono wala hakulia. Alipiga magoti, akaokota vigae vyote ndani ya kanga yake, hata vile vidogo.

Alivisaga uani kwake mchana kweupe, watu wakipita na kumlaani. Hakuna aliyemsaidia. Akafinyanga mara ya tatu, akachoma. Jivu lilipopoa, sanamu ilikuwa nzima, haina ufa hata mmoja. Akaikokota kwa toroli mpaka shimoni, akaisimamisha.

Asubuhi wanawake walikuja na majembe, Mbonea akitangulia kwa hasira, tayari kuivunja. Alipoikaribia, macho yake yakaingia kwenye lile tundu la uso, na ndani yake akauona ukingo uliomuua mdogo wake. Ufa mpya ulikuwa umeshaanza juu ya ukingo huo. Akalishusha jembe. Akaipapasa sanamu mgongoni, akaziona chenga nyekundu za chungu cha Nanzia zimeshikilia udongo. Akalia kwa sauti, huku akimpiga Namkunda begani kwa ngumi isiyo na nguvu.

"Sijakusamehe," akasema. "Usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba, mama mkubwa."

Mbonea aliwageukia wenzake, macho mekundu. "Mnatazama nini? Hapa hachimbi mtu tena! Tumevitunza vyungu mpaka tukamzika aliyevifinyanga!" Akaondoka kwa haraka, akafungua kile chumba, akarudi amekumbatia chungu cha mama yake mwenyewe. Akakivunja kwa jembe mbele yao, akaanza kuokota vigae.

Mmoja akathubutu kuuliza, "Dada Mbonea, na urithi je?"

Mbonea akamjibu bila kuinua kichwa, meno yameumana:

"Chungu cha kale kisiposagwa, kipya hupasuka. Lete jiwe."