Divai Haingoji Moyo Uive

Divai haingoji moyo uive. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia Mlinga maneno hayo, mkacheka, mkadhani kalewa. Hakulewa. Maneno hayo yalitoka kwenye ukoo huuhuu, na mimi Matika nilikuwapo yalipotamkwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Endeleeni kuchambua hizo zabibu, zilizooza wekeni kando, nami nitawaeleza. Na wewe Mlinga, usijifiche nyuma ya ndoo. Wewe ndiye uliyeambiwa.

Baba yangu, Chilongani, alikuwa na kaka mmoja tu, Masinjisa. Shamba hili la mizabibu lilianzishwa na Masinjisa, wakati watu wengi wa huku Ugogoni walikuwa wakimcheka kwamba amepanda kamba. Baba yeye alikuwa mtu wa mbuzi. Siku moja ya kiangazi alifungua uzio wa miiba wa kaka yake ili apite njia ya mkato, akasahau kuurudishia. Mbuzi wakaingia. Jioni mizabibu michanga ilikuwa imebaki vijiti.

Baba hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akanyoosha mkono. Masinjisa akautazama ule mkono, akaingia ndani akafunga mlango.

Wazee wa ukoo wakakaa. Baba akaamriwa apande upya kila mche ulioliwa, naye akapanda, akamwagilia kwa maji ya kubeba kichwani kama mwanamke, na watu wakimcheka. Baada ya hapo ilibaki desturi moja tu: ndugu wanywe ugimbi, pombe yetu ya mtama, kwa kibuyu kimoja, kesi ife. Maana kwetu, kibuyu kisiponywewa, ndugu wenye kesi hawali pamoja, na mmoja akifa mwenzake hashiki jembe la kaburi lake.

Hapo Masinjisa akasema, "Mimi sinywi ugimbi kwa jambo hili. Kilicholiwa ni mizabibu, basi tutakunywa divai ya mizabibu hiyohiyo, itakapokuwa tayari."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona amesema vizuri. Jamani, wazee wale walijua ugimbi. Ugimbi ukiiva leo, keshokutwa umechacha, hata mwenye kinyongo atakunywa tu. Kumbe divai nyekundu inaweza kulazwa miaka. Hilo hawakulijua, kwa hiyo hawakuweka siku. Walisema "itakapokuwa tayari" wakachukua fimbo zao wakaenda.

Aliyeitengeneza divai ni mke wa Masinjisa, mama mkubwa Nyendo. Alikuwa amekulia misheni, akikamua zabibu za divai ya misa, na kazi hiyo aliijua. Divai ya kunywewa kwa kibuyu siku ya kumaliza kesi aliitia kwenye chupa kubwa moja. Iliyobaki akaitia kwenye chupa ndogo za kuonja. Zote akazilaza kwenye mchanga, chumba cha ndani cha tembe, ambako joto halifiki.

Kila mwaka, mizabibu ikishapogolewa, Baba alinituma. "Nenda kamuulize kaka kama imeiva." Mama mkubwa alikuwa akifungua chupa ndogo moja, akimimina kidogo kwenye bakuli jeupe na kuliinamisha kwenye mwanga wa mlango. Alinionyesha cha kutazama. Divai changa pembeni ina rangi ya zambarau, na ukiionja inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Ndio ukakasi. Ikikaribia kuiva, pembeni inageuka kuwa na rangi ya tofali, ukakasi unalainika, na harufu inakuwa nyingi kuliko ulivyotegemea. Ikipita hapo inaanza kurudi. Watu hudhani divai kadiri inavyozeeka ndivyo inavyonoga. Wapi! Ina kilele chake kama mtu, kisha inashuka.

Miaka ya mwanzo jibu lilikuwa "bado", na lilikuwa bado kweli. Baba alilipokea, akarudi kwa mbuzi wake.

Kisha ukafika mwaka ambao mama mkubwa aliinamisha bakuli, akanusa, akaonja, akaizungusha ile divai mdomoni. Alipomeza alitabasamu. Akampelekea mumewe.

"Onja, baba."

Masinjisa akaonja. Nilimwona uso unavyolegea. Akaonja tena, kisha akaliweka bakuli chini.

"Bado ina ukakasi," akasema.

"Ukakasi huo si wa divai," mama mkubwa akamwambia polepole. "Mume wangu, imefika. Chilongani anakohoa siku hizi. Mwite."

"Nimesema bado. Matika, kamwambie baba yako angoje."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Baba akaniuliza, "Mama mkubwa wako yeye amesemaje?" Nikamwambia. Akacheka kidogo mpaka kikohozi kikamkamata. "Basi divai imeiva," akasema. "Sasa tumngoje kaka."

Tukangoja. Mwaka uliofuata, bado. Mwingine, bado. Chupa ndogo zikaisha zote, kukawa hakuna tena cha kuonja, ikabaki ile kubwa peke yake na neno la Masinjisa. Baba akakonda, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Asubuhi moja akaniambia nimshike mkono nimpeleke kwa kaka yake, awe amemwita au hajamwita.

Masinjisa alikuwa uani akinoa mkasi wa kupogolea. Alipoona mifupa ile inaingia, mkasi ulimponyoka.

"Mbukwa, kaka," Baba akamsalimia. "Nimefuata kibuyu changu."

Masinjisa hakubisha. Aliingia mwenyewe kwenye mchanga, akaitoa ile chupa, akaipangusa kwa shati lake. Mama mkubwa akaleta kibuyu. Kizibo kilipotoka, harufu ilitufikia wote. Siki. Rangi ilikuwa kama chai iliyolala.

"Hapana," Masinjisa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Hii siyo. Ngoja mavuno, mdogo wangu. Nitakutengenezea nyingine."

"Mimi sina mavuno mengine, kaka. Mimina."

Akamimina. Baba akanywa funda zima, macho yakamtoka machozi kwa ukali, akapangusa mdomo na kumpa kibuyu. "Nayo ni ya mizabibu yetu," akasema.

Masinjisa akanywa akakohoa, kisha akaketi chini mbele ya miguu ya Baba na kulia. Alilia kwa sauti, mzee mzima. Akawa anasema, "Niliionja. Mwaka ule niliionja, ilikuwa tamu, nikakunyima." Baba akamwekea mkono kichwani.

Ni mama mkubwa aliyesema. Alikuwa amekiokota kibuyu, anakifuta kwa kanga yake, na hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Divai haingoji moyo uive," akasema, akakitundika ukutani.

Mavuno hayakumkuta Baba. Kaburi lake vijana walitaka kulichimba kwa zamu, lakini Masinjisa hakuliachia jembe mpaka alipomaliza. Hilo alilipata, kwa kuwa walikunywa. Utamu ndio hawakuupata, yeye wala mdogo wake.

Sasa, Mlinga, jana ulisema mdogo wako ameshakuomba radhi, ila utakwenda kumwona moyo wako ukitulia. Nami sikukatazi, moyo ni wako.

Haya, mmemwona? Huyo anavaa viatu. Mwacheni aende, ndoo yake nitaimaliza mimi. Divai haingoji moyo uive.